Aliyegonga Siku ya Kufunga Milango

Sakhroli, 17 Februari 1985

Yokha mdogo wangu,

Nyoosha mikono, nishike vidole, ubusu vyako na mimi nibusu vyangu. Haya, tumeshasalimiana.

Huku wazima. Mguu wangu wa kushoto unauma na wa kulia unamcheka mwenzake. Ng'ombe wangu Raja bado anazungusha kinu cha mafuta, na Sabato anaijua kuliko wote walioko Bombay. Ijumaa jua likianza kuinama, anasimama pale pale alipo, macho kafungwa kitambaa, umpige usimpige. Juzi mnunuzi mmoja aliniuliza, "Mzee, saa ngapi?" Nikamwambia, ngoja nimuulize ng'ombe. Kijiji kizima kimecheka mpaka leo.

Mvua ya mwaka jana iling'oa paa la sinagogi, nikalishika kwa mikono hii miwili mpaka mafundi wakafika. Usiniulize walichukua muda gani. Solomon wa duka la dawa alikuwepo, shahidi, ila yeye ukimuuliza atasema lilikuwa bati moja. Wivu tu.

Sasa jambo lenyewe. Wakubwa wa kamati ya masinagogi kule Bombay wametuandikia, kwa Kiingereza, ili tuogope. Solomon kanisomea. Wanasema Torati yetu, ile baba aliyokuwa akiibeba begani kama mtoto aliyelala, inakaa kabatini bure. Bila wanaume kumi haitolewi, na sisi hatujafika kumi muda mrefu. Kuna watu wamejenga sinagogi jipya huko pembeni ya Bombay, wanaitaka. Basi Siku ya Kufunga Milango, tunapofunga kula na kujifungia ndani kusali, atakuja mtu wa kamati, Bwana Penkar, kusali na sisi na kututazama. Akikuta kumi, Torati inabaki. Akikuta pungufu, inaondoka naye kwenye teksi.

Tumebaki wanane, Yokha. Penkar mwenyewe wa tisa, maana hata mpelelezi ana kichwa cha kuhesabiwa. Anapungua mmoja. Bombay siku hiyo kila mtu ana sinagogi lake, na vijiji vya jirani wanaibiana wanaume kama watu wanavyoibiana kuku.

Nikopeshe mmoja. Mumeo Haskel, au kijana wako yeyote. Nitamrudisha mnene.

Kaka yako,
Rahamim


Dimona, 2 Aprili 1985

Kaka Rahamim,

Mkono nimeupokea, nimeubusu. Wajukuu wa jirani wakiniona nabusu vidole vyangu mbele ya barua wananicheka. Wacheke.

Sisi hatujambo kiasi. Haskel mgongo umemkamata, akikaa hainuki, akiinuka hakai. Mwanangu wa mwisho, Yoav, yuko jeshini. Elazar, niliyempa jina la baba, anafanya kazi kiwandani, mwanamume mzima mwenye kipara na bado hajaoa. Anaingia kuoga na kuimba. Kaka, anapoimba bafuni mimi huacha sufuria ikaungua. Ni baba. Ni koo la baba lile lile, limewekwa kwa mtu asiyejua hata kukuna nazi.

Na wewe acha uongo. Raja alikufa kabla sijaondoka, nililia mimi mwenyewe. Huyo ni wa tatu unamwita Raja.

Mwanamume sina wa kukopesha. Haskel hafiki hata sokoni. Elazar nimemwambia, akacheka. "Mama, watu wote wametoka kule kuja huku Israeli. Mimi nikirudi kinyume si nitagongana nao njiani?"

Barua yako nimeirudia, kaka. Umemwomba Haskel, umewaomba vijana. Nikatafuta kama kuna mtu mwingine umemwomba aje. Nikaangalia hata pembeni kwenye doa la mafuta. Basi, si kitu.

Niambie, vyura wa kisimani bado wanalia mvua ya kwanza ikianguka? Hapa hakuna chura. Usiku jangwa linanyamaza mpaka masikio yanapiga kelele yenyewe.

Pasaka ni wiki hii. Nimefunika mitungi ya mchuzi mchachu, isiguswe mpaka sikukuu ipite, kama mama alivyofunika, ingawa duka liko hapo chini na lina kila kitu.

Yokha


Sakhroli, 20 Juni 1985

Yokha,

Mkono wangu huo, una mafuta kidogo, usijifute kwenye gauni.

Nimekwenda kisimani kuuliza. Vyura wapo. Mvua ya kwanza ilianguka usiku wa Jumapili na wakaanza wote pamoja, kama mkutano wa kamati. Nilikaa hapo mpaka nikalowa, nikitaka kuhakikisha ni wale wale. Ni wale wale. Mmoja mkubwa ana sauti kama shangazi Segula.

Sauti ya baba unasema ameichukua mwanao. Mwambie anaazima. Sauti ya baba ninayo mimi. Mwaka jana niliimba sala ya jioni, wavuvi wa Murud wakadhani ni meli, wakageuza mashua. Cheka tu.

Nimeweka nadhiri kwa Nabii Eliya. Akitupatia wa kumi, nitafanya malida, chakula chetu cha nadhiri, cha kulisha kijiji kizima, pepeta za mchele gunia, nazi zisizo idadi, sukari mpaka nyuki watuhamie. Nabii hajajibu. Yeye naye posta yake inapita Bombay.

Hilo swali lako la mtu mwingine sikulielewa. Mwanamke hahesabiwi kwenye kumi, unajua wewe, baba alikufundisha.

Chumba chako naweka makopo. Kitanda kipo pale pale upande wa dirisha. Nakitandika kila Ijumaa kwa sababu ya panya. Panya hawapendi shuka safi.

Muulize tena Elazar. Mwambie mjomba wake anavuta kinu kwa mkono mmoja.

Rahamim


Dimona, 1 Septemba 1985

Kaka,

Mkono, haraka haraka, maana Haskel anangoja bahasha aipeleke posta.

Anakuja! Elazar anakuja!

Sikumwomba tena. Nilikuwa na barua yako mkononi, nimefika pale pa kitanda na panya, akaingia akanikuta naharibu uso. Akasema, "Mama, nani kafa?" Nikasema hakuna, ni shuka. Akanidhania nimechanganyikiwa. Nikamsomea yote, vyura na nadhiri na Torati. Hakucheka safari hii. Akasema, "Nipe anwani ya huyo mwongo."

Atapitia Ugiriki, maana ndege ya moja kwa moja hakuna. Atafika Bombay ile siku inayotangulia kufunga, na akipata basi la mapema atakuwa kwako kabla ya jua kuzama. Lakini kaka, ndege ni ndege. Akichelewa, nakuomba, USIFUNGE MLANGO KABLA HAJAFIKA. Nakujua. Ukishapiga komeo hata malaika atasubiri kesho.

Kimarathi chake ni cha jikoni kwangu. Anajua njoo, kula, kaa, nimechelewa, na matusi yangu yote. Umcheke polepole.

Nimempa mkono wangu akuletee. Nimemwonyesha mara nyingi mpaka kakasirika. Uupokee kwake, kisha umpe wako aniletee.

Yokha


Sakhroli, 8 Septemba 1985

Yokha mdogo wangu,

Mkono.

Mtu wa posta anapita hapa, namkoholea, ananionyesha mfuko mtupu kama mtoto anayeonyesha mikono imenawa. Nimeshaelewa. Hujaudhika, una kazi.

Sikukuu ya mwaka mpya imekaribia, nimekoroga halua ya ngano na tui. Vipande kumi vizima nimekula mwenyewe kabla haijapoa. Ladha ilikuwa nzuri kuliko ya mama, ila haikuwa kama ya mama.

Mwanamume siombi tena. Solomon alisema tulivishe nguo nyeupe lile sanamu la shambani linalofukuza kunguru, tuliweke safu ya nyuma. Nikamwambia halifai, litasali vizuri kuliko wewe na Penkar atashtuka.

Juzi nililifungua kabati nikaifuta vumbi Torati. Nikajaribu kuibeba begani kama baba. Mguu ule wa kushoto ukakataa. Nikairudisha, nikaifunga, nikaenda kumfungua ng'ombe.

Vyura wamenyamaza, mvua inaisha.

Rahamim


Sakhroli, 13 Oktoba 1985

Yokha, Yokha, Yokha!

Barua yako ya mwanzo wa Septemba imefika jana. Jana! Nimemuuliza mtu wa posta, hii ilikuja kwa miguu? Akasema, "Mzee, ilienda Salem, kule Kusini, mwandiko wako na wa dada yako ni ugonjwa mmoja." Mtu uliyeniandikia habari zake kafika kabla ya habari. Sasa kaa chini. Sema Haskel naye akae, kama mgongo unaruhusu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Jana yake jioni tumeoga yale maji ya moto na ya baridi, tumevaa meupe, tukaanza ile desturi ya kutogusana, kila mtu anatembea kama kabeba mayai. Penkar kafika na teksi, mtu mwembamba, miwani, hacheki. Nikamwambia, "Karibu bwana, usinishike." Hakuelewa kama ni mzaha au sheria. Elazar hakuna, na mimi sijui hata kama nina Elazar wa kumngoja. Jua lilipoinama nikapiga komeo.

Asubuhi tumo ndani. Penkar anatupitisha macho, anahesabu kwa ile njia yetu ya kukana, maana kuhesabu watu ni mwiko: si mmoja, si wawili, mpaka akafika si tisa, akabaki mdomo wazi akitafuta pa kuendelea. Hapakuwa na pa kuendelea. Kabati likabaki limefungwa. Tukasali sala za watu wapungufu, zile za kunong'ona, na kila mmoja analitazama kabati kama anaaga maiti.

Jua limepanda, tunasikia ngo, ngo, ngo.

Yokha, nani anagonga siku hiyo? Hapa hata mbwa wanajua. Nikafikiri ni mpita njia anataka mafuta. Nikapaza sauti, "Nenda zako! Leo hakuna mafuta, hata ya kupaka kisogo!" Solomon akacheka mpaka akajibana mbavu. Hata Penkar shavu lilicheza.

Kisha nje ikaja sauti. "Ni mimi, Elazar. Nimechelewa. Nifungulieni."

Mzee mmoja kitabu kilimdondoka. Sisi wote tunajua siku hiyo wazee wetu waliokufa wanakuja kukaa na sisi mpaka sikukuu ipite. Tunajua, lakini huwa hawagongi! Na ile sauti, mdogo wangu, ni ya baba, na Kimarathi ni cha enzi za baba, maneno ambayo huku vijana wameshayaacha. Kumbe ni chako. Umekihifadhi jikoni miaka yote, umempa mwanao, kanirudishia mlangoni kama kilivyotoka.

Wote wakanigeukia, mwana wa Elazar ni mimi. Nikasimama. Nikasema kwa adabu zote, "Baba, ingia tu. Tangu lini wewe unahitaji mlango?"

Elazar mwenyewe kaniambia baadaye alivyofikiri. Anasema, mama kaniambia mjomba ni mzaha mtupu, tena kaniambia siku hii hawafungui hata kwa malaika. Basi hiyo ndiyo desturi, kaona, na yeye kachelewa, kosa lake. Akakaa kwenye ngazi. Ndege ilimchelewesha Ugiriki, jua lilimzamia njiani, mjini Alibag, akakataa kupanda gari siku takatifu, akaja kwa miguu. Na sisi tukamwacha nje!

Tukaendelea. Kila tukifika pa kuitikia, kutoka nyuma ya mbao inakuja, "Amina." Wapungufu hawana Kadishi, ile sala ya watu kumi, hawana mengi, lakini kila baraka tuliyoipata, "Amina," nzito, ya chini, inaingia chini ya mlango pamoja na mwanga. Penkar alivua miwani. Samsoni, ambaye masikio yake yamekufa tangu mwaka wa mafuriko, akauliza, "Nani huyo anaitikia?" Yokha, mimi ambaye sauti yangu iligeuza mashua za Murud, siku hiyo niliimba kidogo kidogo, nimsikie.

Jioni nyota zikatoka. Nikavuta komeo. Mwanamume kakaa kwenye ngazi, shati jeupe, kipara, na masikio yako mawili yale yale yanayosimama. Nikasema, "Baba, hii safari umerudi umenyolewa."

Akasema, "Mjomba, nina kiu."

Tulipiga kelele zote kwa pamoja! Solomon kakimbia maji, kajikwaa kwenye ngazi, maji yote kayapokea Samsoni. Tukakimbia tena. Alipokwisha kunywa akanyoosha mikono miwili, vidole mbele na kidole gumba kimejificha ndani. Hakuna anayetoa mkono hivyo isipokuwa wewe. Mama alikupiga sana uache. Siku ilikwisha, kugusana ruhusa. Nikakushika, nikabusu.

Penkar akakohoa. Akasema, "Nasikitika. Ndani tulikuwa tisa." Solomon akasema, "Amina zilikuwa za kumi!" Penkar akasema, "Mlango ulikuwa umefungwa." Nikamuuliza, "Bwana, na Mungu alikuwa upande gani wa mlango?" Akasema sheria ni sheria, na teksi itakuja asubuhi. Lile shavu lake lilikuwa limesimama kabisa.

Asubuhi ni sikukuu ya makombo, watu tunatembeleana na kupeana mikono. Kaja Penkar kuchukua Torati, honi inalia nje. Tumesimama sote sinagogini. Sasa ni Samsoni, kiziwi yule, aliyeuliza kwa sauti kama anaita punda, "Leo siku gani?" Solomon akamfokea sikioni, "ALHAMISI!"

Alhamisi! Tukatazamana. Siku ya kusoma! Jumatatu na Alhamisi Torati inasomwa, kama watu wapo, na sisi tumesahau miaka mingapi kwa sababu watu hatuna! Nikaanza mimi, kwa sauti ya kuamsha wafu waliokuwa bado hawajaondoka: si mmoja, si wawili. Nikampitia Penkar, si tisa. Nikamfikia mwanao mlangoni. Si kumi!

Nikamfungulia kabati Elazar. Hakuuliza inabebwaje. Kaiweka begani, shavu kalilaza juu yake, kama mtoto aliyelala. Nani alimwonyesha, Yokha? Wewe ulimwonyesha? Akaimba. Sitaandika aliimbaje. Nje teksi ilipiga honi, ikapiga tena, hakuna aliyegeuka.

Tulipoirudisha, Penkar akatoka mpaka ngazini, akavuta pumzi, akamwambia dereva, "Nenda zako. Leo hakuna mafuta."

Haki ya Mungu kasema hivyo. Solomon shahidi. Akatugeukia, "Nilitumwa kuangalia kama mnaweza kuwa kumi. Nimeangalia. Mwakani nitakuja tena kuangalia."

Malida nimefanya, gunia zima la pepeta. Nyuki walikuja kweli.

Mwanao amelala kitandani kwako upande wa dirisha. Anakoroma kama Haskel. Jana nilikaa kwenye kizingiti nikimsikiliza, na nikifumba macho nyumba ina watu. Wiki ijayo anaondoka. Mkono wangu nimempa, nimeuminya sana ili usimwagike njiani.

Kuna neno lingine nilitaka kukuandikia, Yokha. Lakini karatasi imeisha.

Kaka yako,
Rahamim


Dimona, 24 Novemba 1985

Kaka Rahamim,

Mkono wako umefika. Elazar aliniambia, "Mama, ngoja nioge kwanza," nikamwambia ole wako. Nikaupokea hapo hapo mlangoni na mabegi yakiwa chini. Ulinukia mafuta ya ufuta. Haskel anasema ni sabuni ya ndege. Haskel hana pua.

Nimeikaripia kila herufi ya barua yako. Saa nzima nimemkaripia na Elazar: siku nzima juani, bila maji, na mimi nilikuambia USIFUNGE. Ananijibu hajawahi kusali vizuri hivyo. Sasa akiingia kuoga anaimba zile za sinagogi, na majirani wamefungua madirisha. Anauliza pia kama msichana wa pili wa Solomon anaandika barua. Hilo nalo ulijua, hukuniambia.

Torati hakuonyeshwa na mtu kuibeba. Mimi nilikuwa nikimbeba yeye hivyo.

Halafu hiyo karatasi iliyoisha. Nimeigeuza, kaka. Nyuma ni tupu yote, kuanzia juu mpaka chini, umeandika tarehe tu pembeni kisha ukaifuta. Nimeisoma hiyo nyuma mara nyingi kuliko mbele. Miaka ishirini na moja, tangu nilipohama, nilikuwa nangoja uniandikie hilo neno. Haya, nimelipata, usijisumbue tena.

Mwakani nakuja na Elazar. Haskel atabaki na mgongo wake. Toa makopo chumbani. Mimi sihesabiwi kwenye kumi, najua, baba alinifundisha, kwa hiyo usianze si mmoja, si wawili ukinitazama.

Nitagonga. Ukiniambia hakuna mafuta, nitavunja mlango.

Mdogo wako,
Yokha